Joto, Halijoto na Chumvi: Uhakiki wa Istilahi za Themodinamiki kutoka Mwambao wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi kwa Kiswahili si changa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, na orodha nyingine zimefuata. Kwa kawaida orodha kama hizo huhakikiwa neno kwa neno: je, neno ni fupi, linatamkika, linafuata mofolojia ya lugha? Makala haya yanatumia kipimo kingine. Yanachukua jaribio moja la kemia, yaani kukokotoa viwango vya themodinamiki kutokana na umumunyifu wa chumvi katika halijoto mbalimbali, na kuuliza iwapo istilahi zilizopo zinaweza kulibeba tangu mwanzo hadi jibu. Hoja yake ni kwamba udhaifu mkubwa hauko katika maneno mageni kama enthalpia, bali katika neno la nyumbani: joto.

Anayezingatiwa ni mwanafunzi wa Kabezi, kusini mwa Bujumbura, katika barabara iendayo Rumonge. Nyumbani huzungumza Kirundi, mwaloni na sokoni husikia Kiswahili, na kemia huisoma kwa Kifaransa. Kifaransa humtenganishia chaleur na température. Kiswahili kikitaka nafasi katika darasa lake, hakiwezi kumpa pungufu ya hapo.

2.0 Sentensi Inayojipinga

Katika jaribio hili chumvi hutiwa majini hadi maji yashibe, kisha kiasi kilichomumunyika hupimwa katika halijoto kadhaa. Kutokana na kiasi hicho hupatikana kizio cha msawazo, K. Kwa nitrati ya potasiamu, yenye ioni mbili, K huchukuliwa kuwa mraba wa ukolezi. Logi asilia ya K huchorwa dhidi ya kinyume cha halijoto katika Kelvini, kwa kufuata mlinganyo:

ln K = −ΔH/RT + ΔS/R

Mteremko wa mstari hutoa ΔH, mkato wake hutoa ΔS, na ΔG hupatikana kwa −RT ln K. Kwa kuwa mmumunyo wa nitrati ni mkolevu, majibu haya ni makadirio.

Njia nzima inasimama juu ya dhana moja: kwamba ΔH haibadiliki sana T inapobadilika. Ikiandikwa kwa Kiswahili cha kila siku, dhana hiyo husomeka hivi: “joto likipanda, joto la kumumunyika halibadiliki.” Mwanafunzi makini atauliza, na kwa haki, ni vipi kitu kipande na wakati huohuo kisibadilike. Ikiandikwa “halijoto ikipanda, joto la kumumunyika halibadiliki,” fumbo linaisha. Wapo wanaodai kwamba muktadha hutosha kutofautisha maana. Muktadha hutosha sokoni. Katika mlinganyo ambamo ΔH imegawanywa kwa T, neno moja kwa vitu viwili ni kosa la hesabu.

Tatizo linazidi kwa sababu dhana hiyo moja ya T huitwa halijoto katika vitabu vingine na jotoridi katika vingine. Jotoridi ina sifa ya kujitenga wazi na joto, lakini muundo wake huashiria kwamba joto na baridi ni vitu viwili vinavyochanganywa. Halijoto inabeba neno hali, na T kweli ni kipimo cha hali ya mfumo. Hiyo ni sababu ya kisayansi, wala si ya ladha tu, ya kuipendelea.

3.0 Kuyeyuka na Kumumunyika

Kiswahili cha kawaida husema chumvi “imeyeyuka” majini. Huko Rumonge, nchi ya michikichi, mawese yaliyoganda huyeyuka yakikaribishwa motoni. Chumvi ya mezani ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Ndani ya maji humumunyika bila moto wowote. Kitenzi kimoja kikitumika kwa yote mawili, mwanafunzi hudhani ΔH anayoitafuta ni ile ya kuyeyusha. Hapa istilahi umumunyifu, iliyojengwa juu ya mumunya, imefaulu na inastahili kulindwa dhidi ya myeyusho, neno linaloendelea kutumika kwa maana ya mmumunyo.

4.0 Chumvi Ipi?

Neno chumvi nalo lina mtego. Kirundi husema umunyu, na Kiswahili kina munyu. Yote huelekeza jikoni. Mwanafunzi aliyeambiwa “tumia chumvi” atachukua ya jikoni, na mstari wake utakuwa karibu bapa: gramu 100 za maji hupokea takribani gramu 36 za chumvi hiyo, iwe nyuzi 0 au 40. Nitrati ya potasiamu hupanda kutoka takribani gramu 13 hadi 64 katika nyuzi hizohizo. Sababu ni kwamba ΔH ya nitrati ni takribani kilojuli 35 kwa moli, mara tisa ya ile ya chumvi ya jikoni.

Maarifa hayo hayako mbali na ziwa. Chumvi ya Uvinza, mkoani Kigoma, ilisafirishwa hadi Burundi, na utafiti wa akiolojia wa Sutton na Roberts uliochapishwa mwaka 1968 ulionyesha ukale wa kazi hiyo. Watengenezaji walichemsha maji ya chemchemi hadi yakauke, kwani kuyapoza kusingewapa chumvi ya maana. Mstari bapa wa darasani na chungu cha Uvinza vinasema jambo moja, lakini maelezo ya kazi yasiyotaja aina ya chumvi humnyima mwanafunzi uhusiano huo.

5.0 Hitimisho

Yapo mapendekezo matatu kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wakuza mitaala. Kwanza, halijoto iwe istilahi pekee ya T, na joto libaki kwa nishati inayohama. Pili, enthalpia na entropia zibaki mikopo; kuiita entropia “vurugu” humpa mwanafunzi picha badala ya kiasi cha kupimwa. Tatu, hakuna orodha ya istilahi ipitishwe kabla ya kujaribiwa ndani ya maelezo kamili ya jaribio, pamoja na mlinganyo na jibu lake. Istilahi iliyopita katika kamusi na kuanguka katika hesabu bado haijasanifiwa.