Tupa Haitupwi

Mstari wa penseli una unene, na unene huo ndio chanzo cha ubishi mwingi karakanani. Ni kama nusu milimita tu. Msumeno upite kushoto kwake, kulia au katikati? Kwenye fremu ya mlango kosa hilo huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, rangi ikapakwa, mteja akalipa. Kwenye droo ya mninga halizibiki.

Mstari wa kisu hauna la kubishania. Kisu hukata nyuzi za mbao, na patasi ikifika kwenye mkato huo hujiingiza yenyewe ikatulia. Madukani kwetu sijakiona kisu cha namna hiyo, wala sikitafuti tena, kwa kuwa kimelala ndani ya kila tupa iliyokwisha meno.

Tupa njema ni chuma cha pua, kigumu hata ukijaribu kukipinda kinakatika. Kwanza ilegeze: iweke kwenye jiko la mkaa, pepea mpaka iwe nyekundu, kisha ifukie kwenye majivu ya moto ilale humo usiku kucha. Asubuhi msumeno wa chuma unaikata. Ichonge kwa tupa nyingine (ndugu akimchonga ndugu), makali upande mmoja tu, ili upande bapa uegemee skwea. Irudishe motoni. Mimi hutumia sumaku ya spika mbovu: chuma kikikataa kuvutwa, kimeiva, kizamishe kwenye mafuta ya kupikia. Hapo kina ugumu wa kioo na wepesi wa kuvunjika wa kioo. Kisugue msasa king'ae, kipashe moto mdogo, usibandue macho, maana rangi hupita upesi. Ikija ya majani makavu, kitoe. Ikifika buluu, umechelewa, anza upya. Nimeanza upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Baada ya kisu inafuata geji ya kuchorea viungo vya ulimi na tundu, nayo haina makuu: misumari miwili iliyopigiliwa kibaoni, vichwa vikakatwa, ncha zikanolewa. Nafasi kati yake ipime kwa patasi yenyewe, si kwa rula, maana patasi ndiyo itakayochimba tundu.

Kwa viungo vya mkia wa njiwa nina kigezo cha bati nene. Mteremko uliozoeleka ni 1 kwa 6 kwa mbao laini kama paini, na 1 kwa 8 kwa mbao ngumu. Changu cha kwanza kilienda kombo, nikakaribia kukitupa. Lakini kigezo huchora mikia tu; nafasi za kuipokea kwenye ubao wa pili huchorwa kwa kuifuata mikia yenyewe. Kosa likapokewa pande zote mbili, droo ikafunga. Kigezo hicho kinaning'inia juu ya benchi, na bado nakitumia.

Tupa ya inchi 10 hutoa visu vitatu. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakipita mtaani kwako, ifiche.