Mali ya Chuo Ifuatiliwe Kama Kitabu cha Maktaba

Mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi hapokei cheti kabla hajazungusha fomu ya kliaransi, na maktaba haitii sahihi kama kuna kitabu hajarudisha. Mkutubi anajua ni nakala ipi, aliichukua lini na ilipaswa kurudi lini. Sasa nenda stoo ya chuo hicho hicho uulizie projekta iliyonunuliwa mwaka jana. Utafunguliwa leja uonyeshwe bei, jina la muuzaji na nambari ya ankara. Ukitaka kujua iko chumba gani leo, watu wataanza kupigiana simu.

Vyuo vidogo vinapochoshwa na hali hii hutafuta programu mpya ya kununua. Naona wanaruka hatua, kwa sababu kazi ya kufuatilia vitu imekwisha kufanywa, tena vizuri, ndani ya jengo lao wenyewe.

Vyuo kadhaa nchini huendesha maktaba kwa Koha, programu huria isiyolipiwa leseni. Iliandikwa mwaka 1999 na kampuni ya Katipo ya New Zealand kwa ajili ya maktaba za wilaya ndogo ya Horowhenua, ambazo mfumo wao wa zamani usingeweza kuvuka mwaka 2000, na ikaanza kazi Januari 2000. Waliotengeneza walikuwa wakiihudumia taasisi ndogo yenye matawi machache, na hilo linaonekana katika muundo wake. Kila nakala ina nambari yake peke yake. Ina tawi lake la nyumbani na ina mahali ilipo sasa, na hayo mawili huandikwa mbalimbali. Aina za vitu huamuliwa na mkutubi, kwa hiyo hakuna kinachomzuia kuongeza projekta, kamera au funguo za maabara.

Kipengele ninachokithamini kuliko vyote ni cha kuhamisha vitu kati ya matawi. Chukua chuo chenye madarasa ya jioni mjini, karibu na Moi Avenue, na kampasi ya mchana Westlands. Projekta ikitumwa kutoka Westlands, mfumo hausemi iko mjini. Unasema iko njiani, na itabaki njiani mpaka mtu wa mjini asome lebo yake na kuipokea. Gari likikwama Museum Hill saa kumi na moja jioni, mhadhiri hana projekta, lakini inajulikana ilitoka tawi gani na saa ngapi. Kwa madaftari ya karatasi, Westlands huandika kilichotoka na mjini huandika kilichoingia, na hakuna anayelinganisha kurasa hizo mbili. Hapo ndipo vitu hupotelea, mara nyingi bila mwizi yeyote.

Lebo nayo ina kosa ambalo nimeliona mara nyingi mno: nambari inayojaribu kueleza kila kitu. Hubandikwa mfuatano mrefu wenye kifupi cha chuo, idara, maabara ya pili, aina ya kifaa na hatimaye 014. Siku kifaa kikihamishiwa maabara ya nne, lebo inasema uongo, na mtu mwenye nia njema anabandika nyingine juu yake. Kifaa kimoja kinakuwa na majina mawili kwenye rekodi. Nambari iwe tupu, tarakimu sita au saba mfululizo, isiyotaja chumba wala idara. Mengine yote yakae kwenye mfumo, ambako hubadilishwa bila gundi.

Kwa chuo kidogo, msimbo wa QR unatosha. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Denso Wave ili kufuatilia vipuri vya magari, husomwa kwa simu ya kawaida, na ukichapishwa kwa kiwango cha juu cha kujisahihisha husomeka hata takriban asilimia 30 yake ikiwa imeharibika. Lebo ya karatasi isitumike. Ya plastiki ngumu hudumu. Isibandikwe kwenye kifuniko kinachofunguka, wala karibu na tundu la hewa moto la projekta, kwani gundi huyeyuka.

Kuna jambo ambalo lebo haiwezi: kuona ndani ya kompyuta. Kasha linabaki mezani na nambari yake safi huku kumbukumbu na diski vimechomolewa. Hapo programu kama GLPI husaidia, kwani wakala wake mdogo husoma vipuri kupitia mtandao na kuonyesha kilichobadilika.

Chuo cha umma hakina hiari katika kufuatilia mali yake. Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma za 2015 humtaka afisa mhasibu atunze rejista ya mali. Rejista hiyo hufa pale ukaguzi unapofanywa mara moja kwa mwaka, kwa haraka, na watu wenye karatasi. Koha ina zana ya ukaguzi wa rafu: unasoma lebo zote za chumba kimoja, unapakia orodha, nayo hukutajia vilivyokosekana na vilivyo mahali pasipo pake. Chumba kimoja kwa juma ni kazi ya asubuhi moja.

Kifaa kikichakaa, Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015 inataka kamati ya uondoaji, na njia zilizotajwa ni pamoja na mnada, zabuni ya wazi na kukihamishia taasisi nyingine ya umma. Ningependa vyuo binafsi navyo vifuate utaratibu huo. Kompyuta isipande gari la mnada na alama za wanafunzi zikiwa bado ndani, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu pia diski iliyouzwa. Ifutwe au itobolewe, na jina la aliyefanya hivyo liandikwe kwenye rekodi ileile ya kompyuta hiyo, ambayo haipaswi kufutwa hata baada ya mashine kuondoka.