Nakala Mbili za Jina Moja: Juu ya Mashindano ya Wapenzi wa Muziki wa Roki

Yeyote aliyepata kuketi na wazee wa Uingereza au Marekani waliokuwa vijana katika miaka ya 1960 anajua ya kuwa mazungumzo yao juu ya muziki hayaendi mbali kabla ya kugeuka mashindano. Mmoja husema kwamba Revolver ndiyo santuri bora ya Beatles. Mwenziwe hujibu kwamba ni Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Wa tatu huwakataa wote wawili, akataja Pet Sounds ya Beach Boys au Aftermath ya Rolling Stones. Kila mmoja hutoa ushahidi wa sikio lake, na kila mmoja hustaajabu kuona wenziwe ni viziwi. Watu wa nje huyaeleza mashindano haya kwa neno moja tu: ujana. Husema kwamba mtu huupenda muziki aliousikia alipokuwa na umri wa miaka 16, na kwamba akiusifu hujisifu mwenyewe. Maelezo haya yana kweli ndani yake, walakini ni kweli ya kivivu. Tukiyakubali yote, hapabaki hukumu yoyote juu ya kazi ya sanaa ila tarehe ya kuzaliwa ya anayehukumu.

Kusudi la makala haya ni kudai kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huo haikutokana na ujana wala na upungufu wa masikio. Ilitokana na jambo ambalo wanachuoni wa tenzi hulijua vizuri kuliko watu wa muziki: washindani walikuwa na nakala mbalimbali chini ya jina moja, wala hawakujua.

Mtu anayehariri utenzi wa kale hathubutu kumhukumu mtunzi kabla ya kuziweka nakala pamoja na kuzilinganisha. Huona kwamba mnakili mmoja ameruka beti tatu. Mwingine ameuhamisha ubeti wa mwisho ukawa wa katikati. Na wa tatu ameongeza beti za utenzi mwingine zilizomkaa moyoni. Mhakiki aliyesoma nakala moja tu, kisha akamlaumu mtunzi kwa kukosa mpango, yamkini amemtwika mtunzi mzigo wa mnakili. Kanuni hii ni ya msingi kwetu hata hatuna haja ya kuitaja. Santuri hudhaniwa kuwa haiihitaji, kwa sababu hutolewa na mtambo, na mtambo haukosei kama mkono unavyokosea. Lakini mnakili wa santuri si mtambo. Ni mfanyabiashara aliye nyuma ya mtambo.

Desturi za biashara zilikuwa hivi. Katika Uingereza santuri ndefu ya Beatles kwa kawaida ilikuwa na nyimbo 14, na nyimbo zilizokwisha kuuzwa katika santuri ndogo aghalabu ziliachwa nje, ili mnunuzi asilipe mara mbili kwa kitu kimoja. Katika Marekani nyimbo zilikuwa 11 au 12, na wimbo wa santuri ndogo uliopendwa na watu ulihesabiwa kuwa chambo kizuri cha santuri ndefu. Kampuni ya Capitol, iliyowatolea Beatles santuri zao huko, ilipokea nyimbo kutoka London, ikapunguza hapa, ikaongeza pale, na zile zilizosalia ikazikusanya kuwa santuri nyingine ambazo wanamuziki wenyewe hawakuzipanga. Sgt. Pepper, ya mwaka 1967, ndiyo santuri yao ya kwanza iliyotolewa katika nchi zote mbili ikiwa na nyimbo zilezile kwa mpango uleule. Zote zilizotangulia zina historia ya nakala.

Tuchukue Revolver, ambayo ndiyo kiini cha ugomvi. Ilitolewa Agosti 1966. Nakala ya Uingereza ina nyimbo 14. Ya Marekani ina 11. Tatu zisizokuwamo ni I'm Only Sleeping, And Your Bird Can Sing na Doctor Robert. Hizi zilikuwa zimekwisha kutangulizwa na kutiwa katika Yesterday and Today, santuri ya Marekani peke yake iliyotoka mwezi Juni mwaka huohuo. Ukihesabu kwa saa, hasara ni dakika saba hivi. Ukihesabu kwa sauti za waimbaji, hasara ni kubwa mno, kwa kuwa katika nyimbo zote tatu kiongozi wa kuimba ni John Lennon.

Hesabu yenyewe yatosha kuonyesha. Katika nakala ya London, Lennon anaongoza nyimbo tano, Paul McCartney tano, George Harrison tatu, na Ringo Starr mmoja. Katika nakala ya Marekani, McCartney amebaki na tano zake, Harrison na tatu zake, Starr na mmoja wake, lakini Lennon ana mbili tu, nazo zimekaa mwishoni mwa kila upande, She Said She Said na Tomorrow Never Knows, kama mgeni aliyefika watu wakifunga milango. Mzee wa Liverpool akisema kwamba Revolver ni kazi ya watunzi wawili walio sawa kwa nguvu, na mzee wa Chicago akisema kwamba ni kazi ya McCartney, na Harrison ndiye msaidizi wake, wote wawili wamesikia vizuri. Kila mmoja amesoma kwa uaminifu nakala iliyokuwa mkononi mwake.

Hasara haikuishia katika hesabu. Katika mpango wa London, I'm Only Sleeping ni wimbo wa tatu, baada ya Eleanor Rigby na kabla ya Love You To. Ndani yake mna sauti ya gitaa iliyorekodiwa kisha ikachezwa kinyumenyume, ikivuta kama pumzi ya mtu asiyetaka kuamka. Jambo hili linalizoeza sikio mapema kwamba ukanda wa sauti nao ni chombo cha muziki kama ngoma na gitaa. Wimbo wa mwisho, Tomorrow Never Knows, ambao karibu wote umejengwa kwa hila za kanda, unapofika, msikilizaji wa London amekwisha kuandaliwa. Msikilizaji wa Marekani aliyekuwa na santuri hii peke yake alinyimwa maandalizi hayo. Kwake wimbo wa mwisho ulikuwa kishindo kisichokuwa na shina. Ikiwa kijana wa New York aliona mwaka ule kwamba santuri inaishia mahali ambapo haikuwa ikielekea, hatuwezi kumwambia kwamba hakuelewa. Alieleza kasoro ya kweli, ila haikuwa kasoro ya mtunzi.

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba neno langu ni jepesi: nakala ya London ndiyo sahihi, ya Marekani ni potofu, basi tuitupe. Mambo hayako hivyo, na ushahidi ni Rubber Soul, iliyotoka Desemba 1965. Nakala ya London ina nyimbo 14, na hufunguliwa na Drive My Car, wimbo wenye mdundo mzito wa gitaa la umeme. Capitol waliuondoa wimbo huo pamoja na mingine mitatu, wakatia miwili iliyobaki katika santuri ya Help! ya Uingereza, kila mmoja ukifungua upande wake: I've Just Seen a Face na It's Only Love. Hivyo nakala ya Marekani ikawa na nyimbo 12, nayo hufunguliwa na magitaa yasiyo ya umeme, kwa namna ya nyimbo za kienyeji zilizopendwa sana huko mwaka ule. Sura ya santuri nzima ilibadilika. Ikawa tulivu zaidi na ya rangi moja zaidi.

Nakala hii, iliyopangwa na wafanyabiashara, ndiyo iliyomfikia Brian Wilson wa Beach Boys huko California. Yeye ameeleza mara nyingi kwamba kilichomshtua ni kuona santuri ambayo nyimbo zake zote zashikamana, bila wimbo wa kujazia nafasi, na kwamba hapo ndipo alipoazimia kutunga kazi yake ya namna hiyo. Kazi hiyo ni Pet Sounds, iliyotoka Mei 1966. McCartney naye ameeleza mara nyingi kwamba Pet Sounds ndiyo iliyomsukuma katika kutengeneza Sgt. Pepper. Tazama basi nasaba hii: santuri ambayo Beatles hawakuipanga ilizaa santuri ya Beach Boys, nayo ikachangia kuzaa santuri nyingine ya Beatles. Nakala potofu ilikuwa na mtoto halali, na mtoto huyo akarudi kwa babu yake. Mhariri atakayeitupa nakala ya Marekani kwa jina la usahihi ataacha pengo katika historia ambalo hataweza kulieleza.

Beatles hawakuwa peke yao katika jambo hili. Aftermath ya Rolling Stones, ya mwaka 1966, ilikuwa na nyimbo 14 Uingereza na 11 Marekani, na wimbo unaofungua nakala ya Marekani, Paint It Black, haumo kabisa katika ile ya Uingereza. Are You Experienced ya Jimi Hendrix, ya mwaka 1967, ilitolewa Marekani ikiwa na Purple Haze, Hey Joe na The Wind Cries Mary, nyimbo ambazo Uingereza ziliuzwa katika santuri ndogo. Nayo ikaachishwa Red House, wimbo wake wa blues ulionyooka kuliko yote. Kijana wa London aliyemwona Hendrix kuwa mwana wa blues, na kijana wa Marekani aliyemwona kuwa mtu aliyeshuka kutoka sayari nyingine, huenda hawakutofautiana kwa tabia kama tunavyodhani.

Hata Sgt. Pepper, ambayo nyimbo zake ni zilezile kila mahali, haikuokoka. Wanamuziki na mtayarishaji wao, George Martin, walitumia muda mwingi katika kuchanganya sauti za nakala ya mono. Ile ya sterio ilitengenezwa baadaye kwa muda mfupi zaidi. Katika nakala ya mono wimbo wa She's Leaving Home unakwenda kwa kasi zaidi na sauti yake iko juu zaidi. Katika ile ya sterio unakwenda polepole na kwa uzito. Mtu anayeulaumu wimbo huo kwa kulia kupita kiasi, na mwenziwe anayeutetea, wangefanya vyema kuulizana kwanza kila mmoja alikuwa na santuri ipi.

Mwaka 1987 nyimbo za Beatles zilitolewa katika diski za CD, na mpango wa Uingereza ukafanywa kuwa wa dunia nzima. Kwa upande wa watunzi, haki ilitendeka. Lakini tangu siku ile, mzee wa Marekani aliyenunua Revolver mpya alikuta nyimbo tatu mahali ambapo sikio lake halikuzitazamia, na aliyemsimulia mwanawe juu ya mwanzo wa Rubber Soul alionekana kuwa mtu aliyesahau. Nakala zile za Marekani zilikuja kutolewa pamoja mwaka 2014, wakati ambapo wengi wa mashahidi wake walikuwa wamekwisha kuzoea kuambiwa kwamba wamekosea. Hapa ndipo jambo hili linapokuwa zito kuliko mchezo wa mashabiki. Shahidi mwaminifu alihesabiwa kuwa msahaulifu kwa sababu andiko lake liliondolewa sokoni.

Ni lazima tujihadhari tusidai mno. Mwaka 2003 gazeti la Rolling Stone lilichapisha orodha ya santuri 500 bora: Sgt. Pepper ilikuwa ya kwanza, Pet Sounds ya pili, na Revolver ya tatu. Katika orodha ya mwaka 2020, iliyofanywa kwa kura mpya, Pet Sounds ilibaki ya pili, Revolver ikawa ya 11, na Sgt. Pepper ikaanguka hadi ya 24. Ingekuwa rahisi kusema kwamba Revolver iliipita Sgt. Pepper kwa sababu Wamarekani hatimaye waliipata nzima. Sababu hiyo yaweza kuwamo, lakini haitoshi. Waingereza walikuwa nayo nzima tangu siku ya kwanza, na kwao pia Sgt. Pepper ilitukuzwa miaka mingi. Tena, waamuzi wapya walileta masikio mapya na muziki mwingine wa kulinganisha. Ulinganifu wa nakala hauondoi tofauti za dhuku. Unaondoa zile tofauti za uongo tu, ili zile za kweli zionekane.

Hukumu yangu ni hii. Tukitaka kumpima mtunzi, tutumie nakala aliyoipanga mwenyewe. Na kwa nakala hiyo naona Revolver imeipita Sgt. Pepper, kwa kuwa umoja wake umo ndani ya nyimbo zenyewe, ilhali umoja wa Sgt. Pepper umekaa zaidi katika kilemba na joho ilivyovikwa. Lakini tukitaka kujua santuri ilifanya nini duniani, ilimwamsha nani na ikazaa nini, hatuna budi kuifuata nakala iliyopokewa na watu, hata kama ilipangwa na karani wa biashara. Hizi ni kazi mbili za uhakiki, na kila moja ina nakala yake sahihi. Wazee wanaoshindana huzichanganya, nasi tunaowacheka tumezichanganya zaidi yao.

Kwa hiyo kila anayekusanya maneno ya wazee juu ya nyimbo za ujana wao, ziwe za roki au za namna nyingine yoyote, asiandike tu kwamba fulani aliipenda santuri fulani. Aandike pia aliisikia katika nakala ipi, yenye nyimbo ngapi, na ulioanza ni upi. Mzee akisema wimbo wa kwanza ulikuwa huu, na santuri iliyo mezani ikasema vingine, tusiharakishe kumsahihisha. Tumwombe kwanza atuonyeshe santuri yake.