Dadu Ikisha Kuanguka

Msomaji, katika bao hapana bahati. Kete zote zi wazi machoni, na mtu akifungwa amefungwa na akili ya mwenzake. Lakini iko michezo ambayo ndani yake akili na bahati huketi meza moja, na miongoni mwayo upo mmoja ambao napenda tuuchungue pamoja, maana humo bahati hupewa kazi isiyo ya kawaida yake, nayo ni kazi ya kutunga hadithi.

Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja wao, tumwite msimulizi, hueleza nchi ya kubuni, wakazi wake na hatari zake. Wengine kila mmoja huvaa nafsi ya mtu katika hadithi, huyu mwizi, huyu tabibu, huyu askari, akasema atakalotenda mtu huyo. Jambo likiwa na shaka, dadu hutupwa. Mchezo wa namna hii uliotangulia kupata sifa sokoni ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa Marekani mwaka 1974. Dadu yake mashuhuri ina nyuso 20. Lakini nasaba yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1824 afisa kijana wa Prusia, von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kuwafundishia maafisa, na humo hasara za majeshi zilikatwa kwa dadu mbele ya mwamuzi. Mwaka 1876 afisa mwingine, Verdy du Vernois, alishauri dadu ziwekwe kando, mwamuzi mwenye ujuzi akate shauri kwa akili yake. Shauri hilo halijakatwa hata leo.

Tutazame mfano. Mwizi wetu amesimama mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli. Ndani imo barua, na pasipo barua hiyo hadithi haiendi. Msimulizi amwambia atupe dadu, apate 15 au zaidi. Yaani nyuso 6 tu katika 20 ndizo zimfaazo. Anatupa, anapata 4. Msimulizi asema kwamba mlango haukufunguka. Je, kumetokea nini? Hakuna. Mlango u vile vile, mwizi yu vile vile, na wenziwe wanatazamana. Mwizi ataomba kutupa tena. Akiruhusiwa bila gharama yoyote, mlango utafunguka mwishowe, na ile dadu ya kwanza haikuwa ila kelele juu ya meza. Akikatazwa, hadithi imekufa kizingitini.

Wengi huilaumu dadu. Mimi naona lawama ni ya msimulizi, kwa kuwa aliuliza swali ambalo hakuwa tayari kusikia majibu yake yote mawili. Kabla ya mkono kunyanyuka, yampasa ajue: akishindwa huyu, litatokea jambo gani? Kama hana jibu, na afungue mlango. Robin Laws, mtungaji wa kanuni ziitwazo GUMSHOE kwa ajili ya hadithi za upelelezi, aliliona jambo hili vema: mtu mwenye ujuzi ufaao akitafuta mahali panapofaa, hupata alama muhimu bila kutupa dadu. Bahati huachiwa mambo mengine, kama vile kukimbia na kupigana.

Na jibu likiwapo, kushindwa huwa utajiri. Mlango hufunguka, lakini taa ya mlinzi inapanda ngazi. Au ufunguo bandia unakatikia ndani ya kufuli, na kesho mwenye nyumba atajua kwamba alitembelewa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza kwamba kushindwa hukubalika upesi zaidi pale kunapozaa kitu. Wako wasimulizi, hata hivyo, ambao kila dadu mbaya huwa kwao fursa ya kumfanya mchezaji mpumbavu: stadi wa kufuli anajikwaa, anaanguka, anachekwa. Mara moja huchekesha. Mara ya tatu mchezaji hamtambui tena mtu aliyemtunga. Haidhuru kusema kwamba kufuli lilikuwa kazi ya fundi hodari; ustadi wa mwizi ukabaki, na mlango pia ukabaki.

Kufaulu nako huharibiwa, wala watu hawaoni. Mwizi anataka kupita ua bila kusikika, na kila atupapo ana nusu ya nafasi. Msimulizi amtaka atupe langoni, atupe tena kisimani, atupe penye mbwa, atupe dirishani. Piga hesabu: nusu mara nne ni nafasi 1 katika 16. Msimulizi hakusema kamwe kwamba haiwezekani, lakini ameifanya karibu isiwezekane, huku akionekana mwenye haki. Burning Wheel, mchezo wa Luke Crane, una kanuni inayozuia hila hiyo: dadu ikisha kutupwa kwa kusudi fulani, matokeo yake hudumu mpaka hali ibadilike kweli kweli.

Mwaka 2010 Vincent Baker na Meguey Baker walitoa Apocalypse World, na humo kuna njia ya tatu. Hutupwa dadu mbili za nyuso 6. Jumla ya 10 au zaidi ni kufaulu. 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama. 6 kushuka chini, msimulizi huleta taabu. Katika njia 36 za kuanguka kwa dadu hizo, 6 hufaulu kabisa, 15 hugharimu na 15 hushindwa, kabla ya kuongeza au kupunguza kwa sifa za mtu. Naisifu njia hii, lakini si bila kinyongo. Kila ushindi ukidaiwa ushuru, msimulizi mchovu huanza kubuni ushuru wa ovyo, na mchezaji huanza kuogopa kutenda.

Limebaki lililo zito. Katika Dungeons & Dragons msimulizi huweza kutupa dadu zake nyuma ya kiambaza kidogo cha karatasi, na kitabu cha msimulizi cha mwaka 2014 chakiri kwamba hapo aweza kubadili matokeo akitaka. Hufanya hivyo kwa huruma, askari mpendwa asife. Lakini, msomaji, fikiri kuhusu yule askari. Alijitosa darajani peke yake ili wenziwe wakimbie, akiamini kwamba huenda akafa. Kama kifo hakikuwapo kamwe, tendo lile lilikuwa nini? Amenyang'anywa ushujaa wake wala hakuambiwa. Msimulizi asiyetaka askari afe ana njia iliyo wazi: aseme kabla ya kutupa kwamba hapa atakayeshindwa atatekwa, hatauawa. Kisha atupe katikati ya meza, wote waione ikizunguka.