Kabati Hupakwa Rangi Kuanzia Mgongoni

Mteja anayeingia duka la vifaa vya ujenzi Kyela mjini kutafuta rangi ya samani huulizwa kwanza anataka rangi gani: krimu, bluu au kijivu. Swali hilo lingefaa kuwa la mwisho. Wilaya hii iko chini ya Milima ya Livingstone, mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Katika nchi ya namna hii, rangi ya samani haiuawi na jua wala na kutumiwa sana. Huuawa na maji yanayoingilia nyuma na chini, mahali ambapo brashi haikupita.

Kazi ninayoichambua hapa ilifanyika Ipinda, katika nyumba ya wakulima wa kakao waliotaka kukipa chumba cha kulala sura mpya bila kununua samani mpya. Vitu vilikuwa vitatu: kitanda cha mninga, kabati la nguo la mbao za mpaini, na meza ya kioo ya emdiefu. Mama mwenye nyumba alitaka vyote viwe vyeupe. Fundi seremala alikubali viwili, kimoja akakikataa. Vilirudi chumbani kabla ya mvua za Novemba, na sasa vimevuka masika mazima. Kwa hiyo tunaweza kuipima kazi kwa matokeo yake, si kwa jinsi ilivyong'aa siku ya kwanza.

Ukaguzi kabla ya msasa

Jambo la kwanza alilolifanya fundi lilikuwa kulaza kabati kifudifudi uani. Mbele palikuwa pamechakaa kidogo tu. Nyuma, plaiwudi ilikuwa na madoa meusi ya kuvu kwa upana wote uliokuwa umegusana na ukuta. Chini, miguu ilikuwa laini kiasi cha kuingiza ncha ya msumari kwa mkono, na rangi ya zamani ilikuwa imeachia kuanzia sakafuni kwenda juu, upana wa kiganja.

Alama hizo zinaeleza ugonjwa. Mbao hunywa maji kwa kasi zaidi kwenye ncha zilizokatwa, kwa sababu ndiko mirija ya mti imebaki wazi, na ncha za miguu ndizo hukaa sakafuni. Katika nyumba nyingi za bondeni, ambako mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe hufurika na maji ya ardhini yako karibu, sakafu haikauki sawasawa miezi ya mvua. Maji hupanda ndani ya mguu, hufika chini ya rangi, huisukuma rangi kutoka ndani. Mwenye nyumba huona malengelenge, halafu hulaumu kopo.

Hapo ndipo kazi nyingi za namna hii hukosewa. Fundi hupaka upya panapoonekana, rangi inaachia tena msimu unaofuata, na lawama huenda dukani.

Kitanda: kilichoachwa bila rangi

Mama aliposhikilia kwamba kitanda nacho kiwe cheupe, fundi alimjibu, "Mama, huu ni mninga. Nikiufunika kwa nyeupe, utakutolea madoa mekundu, na pesa yako itakuwa imepotea."

Alikuwa sahihi kitaalamu. Mninga una utomvu mwekundu, na rangi iliyomo ndani ya moyo wa mti huyeyuka na kupenya hadi juu, hasa ukipakwa rangi ya maji. Unaweza kuzuiwa kwa kupaka kwanza shelaki au praima maalumu ya kuzuia madoa, lakini hiyo ni gharama ya kuficha kitu chenye thamani. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazotulia kuliko nyingine: haujikunji wala kutanuka sana hewa ikibadilika, na mchwa hawaupendi. Mwaka 2022, mkutano wa nchi wanachama wa CITES uliofanyika Panama uliiingiza jamii nzima ya miti hiyo ya Afrika kwenye Orodha ya Pili, yaani biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Kitanda cha zamani cha mninga kilicho kizima hakina sababu ya kugeuzwa kionekane kama cha mbao laini.

Kilichofanyika ni kukiosha, si kukivua. Mchagoni, mahali vichwa vinapoegemea, palikuwa na utando wa mafuta ya nywele uliojijenga kwa miaka. Mafuta hayo ni adui mkubwa wa vanishi na rangi: ukipaka juu yake, rangi hujikusanya pembeni na kuacha vijishimo vya duara visivyofunikika hata ukirudia mara tatu. Msasa peke yake hauyaondoi, bali huyasukuma ndani ya mbao. Fundi aliosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, akasuuza mara mbili, akaacha pakauke, ndipo akapitisha msasa namba 180 kisha 240, kufuata nyuzi za mbao. Hakutumia mafuta ya taa, ingawa wengi huyatumia, kwa sababu huacha utando wake.

Chaga zilitolewa zote. Nyufa zilizo kwenye viungo vya mbavu na matendegu, ambamo kunguni hujificha, zilimwagiwa maji ya moto, zikakaushwa na kuzibwa kwa puti iliyochanganywa na vumbi la mninga wenyewe ili isionekane. Kisha vanishi mikono miwili, na mkono wa tatu chini ya matendegu tu. Kwa anayejali afya ya usingizi, kuziba nyufa hizo kuna faida kubwa kuliko mng'ao wote wa juu.

Kabati: pande zote sita

Mpaini unaouzwa huku hutoka zaidi nyanda za juu, kwenye mashamba kama Sao Hill huko Mufindi. Ni mbao nzuri ya kupaka rangi, ila ina vifundo vyenye gundi. Joto la Kyela huilainisha gundi hiyo, ikapenya rangi nyeupe na kuacha duara la manjano. Dawa ni kupaka shelaki juu ya kila kifundo, mara mbili, kabla ya praima. Kazi hiyo haichukui hata saa nzima kwa kabati la kawaida, na ukiikwepa hakuna mkono wa rangi utakaoifidia.

Miguu iliyooza haikupakwa kitu. Ilikatwa, vikaungwa vipande vipya, na ncha zake zikachovywa kwenye praima iliyopunguzwa kwa tapentaini mpaka zikakataa kunywa. Hapo praima nyepesi ni bora kuliko nzito, kwa kuwa kinachotakiwa ni iingie ndani, si ikae juu.

Milango ilipakwa ndani na nje kwa idadi ileile ya mikono. Mafundi wengi hupaka nje tu ili kubana matumizi. Ubao uliozibwa upande mmoja hunywa unyevu upande mwingine, upande huo hutanuka, na mlango hupinda. Ukiona mlango wa kabati usiofunga mwezi wa Aprili na unaofunga vizuri Septemba, usikimbilie kulaumu bawaba. Kwa sababu hiyohiyo mgongo wa plaiwudi ulisuguliwa kuvu, ukaoshwa kwa maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, ukakaushwa juani na kupakwa rangi, ingawa hakuna atakayeuona. Droo zilipakwa uso na kingo za mbele tu. Mbavu zinazoteleza ziliachwa bila rangi, zikasuguliwa mshumaa, kwa kuwa rangi huongeza unene na droo hukwama mvua zinapoanza.

Upande wa vipimo: kabati la upana wa mita 1.2, kina cha mita 0.6 na urefu wa mita 1.8 lina karibu mita mraba 5 za nje, mgongo usipohesabiwa. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika mita mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ya nje ni lita moja hivi. Ukiongeza ndani ya milango na mgongo, lita mbili zinatosha. Anayeuziwa kopo la lita 4 kwa kabati moja amenunua rangi itakayogandia stoo.

Meza: kingo ndizo kazi

Emdiefu ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Uso wake ni mgumu, lakini kingo zake hunywa maji, huvimba, na zikishavimba hazirudi. Ukiupaka rangi ya maji moja kwa moja, vinyweleo vya mbao husimama na uso unakwaruza. Fundi alikata ukingo mmoja uliokwisha kuvimba, akaziba kingo zote kwa shelaki mikono miwili, akapitisha msasa namba 240, ndipo akapaka praima ya mafuta. Rangi ya juu ilikuwa nyeupe. Kati ya vitu vitatu hiki ndicho cha bei ndogo, na ndicho kilichohitaji uangalifu mkubwa kwenye sehemu nyembamba kuliko zote.

Saa, msimu na unene wa mkono

Makopo mengi huonya usipake unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85. Asubuhi nyingi za Kyela huvuka hapo. Kwa hiyo kazi ilianza saa nne, umande ukiwa umekauka, na brashi iliwekwa chini saa tisa alasiri ili rangi ishike kabla umande wa jioni haujashuka. Kwa watu wa Matema na Itungi, kando ya ziwa, kuna sababu ya pili: wadudu wadogo wa ziwani, ambao huja kwa makundi makubwa na kuvutwa na taa, wakitua kwenye rangi mbichi hawatoki ila kwa msasa.

Kingine ni unene. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, kuanzia juu kwenda ndani. Mkono mzito ukiwekwa juani hufanya ngozi juu na kubaki mbichi chini. Anayeanika kakao analijua jambo hili vizuri: punje zikipigwa na jua kali siku ya kwanza hukauka ganda, ndani zikabaki na maji. Mikono miwili myembamba, kivulini penye upepo, na siku nzima kati ya mkono na mkono, hushinda mkono mmoja mzito uliokaushwa haraka.

Kwa sababu ya unyevu huohuo wa hewa, fundi alikataa pia laka ya kupuliza kwa kompresa, inayopendwa na karakana za Mbeya mjini. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu zaidi. Thina ya laka huruka upesi, na ikiruka hupoza uso wa mbao. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi, uso uliopoa huvuta mvuke na laka inakuwa nyeupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Laka si mbaya, ila imetengenezewa hewa nyingine.

Vumbi la rangi ya zamani

Shirika la AGENDA la Dar es Salaam, likishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, limewahi kununua makopo ya rangi za mafuta madukani nchini, kuyapeleka maabara na kukuta baadhi yana madini ya risasi kupita kiwango cha sehemu 90 kwa milioni kinachopendekezwa na UNEP, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Rangi kali za manjano ndizo hushukiwa zaidi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo rangi ya zamani isiyojulikana asili isipigwe msasa mkavu ndani ya nyumba. Kabati la Ipinda lilisuguliwa uani kwa msasa wa maji, watoto wakiwa mbali, na tope lake likafutwa kwa tambara, halikufagiliwa.

Hukumu

Baada ya masika, kabati halina lengelenge hata moja, milango inafunga, na kitanda kimebaki na wekundu wake. Kasoro ipo moja: mgongo wa kabati umerudisha doa dogo la kuvu pembeni, kwa kuwa kabati lilisogezwa tena hadi likagusa ukuta. Rangi haiwezi kuchukua nafasi ya hewa. Acha upana wa ngumi kati ya kabati na ukuta, na weka vibao chini ya miguu.

Atakayetaka kuiga kazi hii ajue kwamba muda mwingi ulikwenda kwenye kuosha, kuziba na kusubiri, na kwamba upakaji wenyewe ulikuwa sehemu ndogo. Fundi anayekuahidi kumaliza samani zote za chumba kwa siku moja anakuuzia mng'ao wa mwezi mmoja. Dirisha la kazi huku ni Agosti hadi Oktoba. Likikupita, nunua shuka mpya na mapazia, na pesa ya rangi itunze mpaka mwaka ujao.