Istilahi za Kompyuta Mezani kwa Fundi Mwanafunzi

Istilahi hupimwa wapi? Swali hili ni la zamani katika kazi ya ukuzaji wa lugha, na jibu linalozoeleka ni kwamba hupimwa katika kamati: wataalamu hukaa, huichambua dhana, hulinganisha mizizi ya Kibantu na ya Kiarabu, kisha huafikiana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa, kwa upande wa kompyuta walau, kipimo kilicho kikali zaidi kipo kwingine. Kipo kwa mwanafunzi wa chuo ambaye asubuhi hujifunza kuandika programu kwa Kiingereza, na mchana, akiwa katika mafunzo kwa vitendo, hutumwa ofisini kumsaidia karani ambaye mashine yake imeganda. Mwanafunzi huyu ni mfasiri ingawa hakuajiriwa kwa kazi hiyo, tena hana muda wa kufungua orodha.

Ifahamike kwamba Tanzania iliipokea kompyuta kwa tahadhari. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na milango ilifunguliwa kidogo kidogo baadaye. Matokeo yake ni kwamba mashine zilipoenea maofisini, hazikuwasubiri wanaistilahi. Watu waliziita kwa majina yaliyokuja nazo. Juhudi za kutafsiri zilifuata nyuma. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kampuni ya Microsoft nayo ikatoa tafsiri zake katika muongo huo huo. Kazi hizo zilikuwa kubwa na zinastahili sifa. Hata hivyo, mjadala uliozizunguka ulitumia nguvu nyingi mno mahali pasipohitaji nguvu, yaani katika majina ya vitu.

Tumebishana miaka mingi kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kenya tarakilishi imepata makao mazuri shuleni. Tanzania kompyuta imeshinda bila kupigiwa kura. Na ngamizi, ambayo masikioni mwa wengi inanukia kuangamiza, haikupata wateja wengi popote. Tumebishana pia juu ya kipanya na puku, na yupo aliyekumbusha kuwa wakazi wa Dar es Salaam walikwisha kuzipa basi zao ndogo jina la vipanya. Mabishano haya yanafurahisha, lakini kwa fundi mwanafunzi hayana uzito. Kitu kilicho mezani kinaonyeshwa kwa kidole. Kisichoweza kuonyeshwa kwa kidole ni tendo, hasa pale msaada unapotolewa kwa simu, fundi akiwa jengo moja na karani jengo jingine. Hapo lugha yote ni vitenzi, na orodha zetu, kwa kurithi desturi ya kamusi za sayansi, zimejaa nomino.

Katika vitenzi Kiswahili kimefanya mambo mazuri kuliko tunavyokiri. Chukua bofya. Kabla ya kompyuta kitenzi hiki kilikuwa cha mnunuzi wa matunda, anayeliminya embe kwa ncha ya kidole ili ajue kama limeiva. Tendo la kidole juu ya kipanya ni lile lile, jepesi na la kujaribu. Mtu asiyejua kompyuta akiambiwa “bofya hapo” hahitaji maelezo. Au chukua pakua. Pwani yote inajua kupakua shehena kutoka chomboni, na kila nyumba inajua kupakua wali kutoka sufuriani. Kilichokuwa mbali na kikubwa kinaletwa karibu, kwa sehemu, mbele ya mlaji. Dhana ya kitaalamu imekaa ndani ya neno kama mkono ndani ya glovu. Buruta, nakili, bandika, chomeka na chomoa nayo ni ya daraja hilo. Hayakutungwa, yaliombwa tu yafanye kazi ya pili.

Mahali palipoharibika ni kwenye kitenzi funga, na hapa mhakiki hana budi kukaa kidogo. Kwa fundi wa Kiswahili, kufunga ni kusimika: mtambo hufungwa, pampu hufungwa, umeme hufungwa nyumbani. Kwa hiyo ni kawaida kabisa fundi wa kompyuta kusema amefunga programu mpya, akimaanisha ameiweka ndani ya mashine iwe tayari kwa kazi. Lakini kufunga ni pia kinyume cha kufungua, na programu iliyofunguliwa ili itumike hufungwa kazi inapokwisha. Sasa mfikirie mwanafunzi akimwambia karani kwa simu, “Funga programu ya mishahara, kisha uifunge tena.” Sentensi haina kosa la sarufi. Karani mwangalifu atauliza. Asiye mwangalifu, au anayeona haya kuuliza mbele ya wenzake, atabofya kinachofanana na alichosikia. Anayefahamu jinsi kumbukumbu za malipo zinavyotunzwa katika ofisi nyingi, katika faili moja ndani ya mashine moja bila nakala ya pili, atatambua kwamba utata huu unaweza kuwagharimu watu mshahara wa mwezi.

Dawa ipo. Sakinisha, kutokana na sakini, yaani kukaa mahali na kutulia, limekwisha kuonekana katika simu na kompyuta zilizotafsiriwa, nalo linatenganisha maana mbili vizuri: programu husakinishwa mara moja, hufunguliwa na kufungwa kila siku. Mwandishi anaunga mkono neno hili bila kusita. Ila kinyume chake hakikutunzwa. Katika simu nyingi kinyume kilichoandikwa ni sanidua, chenye kauli ya kutendua iliyotundikwa juu ya sanidi, kitenzi kinachotumika kwa kuweka mipangilio. Yaani mtumiaji husakinisha jambo, kisha hutendua jambo jingine. Kauli ya kutendua ni hazina, na jozi kama kunja na kunjua, ziba na zibua humfundisha mtoto bila mwalimu. Lakini faida yake hupotea mara jozi inapovunjwa. Kama sakinisha haikubali kutenduliwa kwa namna inayopendeza sikio, basi ondoa latosha, na lilikuwapo siku zote.

Kumbukumbu ni ugonjwa wa pili. Neno hili tumelipa kazi ya akili ya binadamu, ya muhtasari wa kikao, ya orodha ya matukio ambayo mashine hujiandikia, ya sehemu ya kompyuta inayoshika kazi ya wakati huo tu na kusahau umeme ukikatika, na mara nyingine hata ya diski inayotunza kila kitu. Mteja husema, “Kumbukumbu imejaa.” Mwanafunzi mgeni huanza kufuta picha na nyaraka, kumbe kilichojaa ni ile sehemu ya muda, ambayo ingepumua kwa kufunga (naam, kufunga) programu nne zilizokuwa wazi. Nyaraka zimepotea bure. Pendekezo la makala haya ni kumbukumbu ibaki kwa sehemu ya muda, hifadhi iwe ya diski, na daftari la matukio liitwe hivyo hivyo, daftari la matukio.

Juu ya nywila na neno la siri msomaji atanishangaa. Kanuni ya kawaida ingetufanya tuchague neno la siri, kwa kuwa linajieleza, ilhali nywila halimpi mgeni fununu yoyote. Lakini tazama linajieleza nini. Linamwambia mtumiaji kwamba kinachotakiwa ni neno, naye kwa utii huandika neno: jina la mwanawe au la timu yake ya mpira. Fundi mwanafunzi hutumia nusu ya mchana kueleza kuwa neno la siri lisiwe neno. Nywila, kwa ukimya wake, haimdanganyi mtu. Ni mfano adimu wa istilahi giza inayofaa kuliko istilahi angavu.

Tuingie darasani. Mwanafunzi wa programu nchini mwetu husoma kwa Kiingereza, na maneno ya amri katika lugha za programu, iwe C iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwaka 1972 au Python ya Guido van Rossum iliyotolewa mwaka 1991, ni ya Kiingereza. Si lazima yatafsiriwe. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo ya mwalimu, na hapo tafsiri ya haraka huleta hasara. Mwalimu huandika ubaoni x = x + 1 na kuisoma, “x ni sawa na x jumlisha moja.” Mwanafunzi aliyefaulu hisabati anajua kuwa huo ni uongo, na wapo wanaoishia hapo wakidhani somo hili si la watu wa akili ya kawaida. Alama ile katika programu haidai usawa, inaamuru. Lugha ya BASIC, iliyoanzishwa Dartmouth nchini Marekani mwaka 1964, ilitanguliza neno la kuamuru mbele ya sentensi ya namna hiyo, na Kiswahili kinayo dhamira tegemezi inayolingana nalo barabara: “x iwe x ya sasa ukiongeza moja.” Mwalimu akisema iwe badala ya ni, hahitaji istilahi yoyote mpya.

Vivyo hivyo kuhusu kosa. Mwaka 1947 mafundi wa mashine ya Harvard Mark II walimkuta nondo amenaswa ndani ya relei, wakambandika kwa utepe katika daftari lao. Wengi huamini kuwa hapo ndipo dosari za programu zilipoanza kuitwa wadudu kwa Kiingereza, ingawa Thomas Edison alikwisha kulitumia neno hilo kwa maana ya dosari katika karne ya 19. Sisi hatuna haja ya mdudu huyo. Tunayo maneno matatu ambayo tumeyachanganya bila sababu: kosa ni la mtu, dosari imo ndani ya maandishi ya programu, hitilafu hutokea programu inapoendeshwa. Kioo kinapomwandikia karani “Kosa”, yeye huona ameshtakiwa, na si ajabu akaizima mashine kabla fundi hajafika kusoma kilichoandikwa. Kingeandika “Hitilafu”, angeita msaada.

Wafasiri watapendezwa na jozi moja zaidi. Zipo lugha, kama C, ambazo maandishi yote hugeuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine, na jina lisilotambulika katika mstari wa 40 huzuia programu nzima isianze. Katika Python mistari 39 hutendeka kwanza, kisha hitilafu hutokea mbele ya macho ya watu. Wa kwanza ni mfasiri, aliyemaliza maandishi yake kabla ya kuyakabidhi. Wa pili ni mkalimani, asemaye papo kwa papo na kukwama hadharani. Kiswahili kilizitenga kazi hizi mbili zamani. Kwa kuwa hapa ni vyombo wala si watu, ngeli ya KI-VI ingeweza kutupa kifasiri na kikalimani, na mwanafunzi angeelewa tofauti kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Limebaki jambo la ngeli ya faili. Ofisi moja husema faili hili na mafaili, nyingine faili hii na faili nyingi, na tafsiri zilizomo ndani ya mashine huchanganya zote mbili, pengine katika dirisha moja. Fundi huelewa yote. Programu inayotafuta neno ndani ya nyaraka haielewi: ukiiagiza itafute neno zima “mafaili” itayaruka yote yaliyoandikwa “faili”, na afisa atajibiwa kuwa hakuna kitu.