Kirusi cha Shambani na Kirusi cha Chuoni: Uhakiki wa Fikra Mbili

Suala la kujifunza lugha za kigeni ni suala la siasa. Lugha hubeba elimu, biashara na amri. Anayeijua nusu huitumikia. Anayeijua barabara huitumia. Kwa mizani hiyo tunahakiki fikra mbili zilizoenea miongoni mwa vijana wetu kuhusu Kirusi na lugha za jamaa yake.

Fikra ya kwanza husema kwamba shamba linatosha. Mwishoni mwa 2020 na mwaka 2021, mataifa mengi yalipofunga mipaka, ndege za kukodi zilileta Warusi kwa wingi Zanzibar. Wapolandi nao wakawa wengi. Huko Kidichi, juu ya Bububu, watembezaji wageni katika mashamba ya viungo wakajifunza kwa masikio tu kutaja mdalasini, iliki na kungumanga kwa lugha hizo. Bidii hiyo ni ya kupongezwa. Lakini Kirusi cha kuuzia iliki hakisomi mkataba wa kampuni ya utalii. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali iligawa eka tatu tatu ili mkulima asibaki mtwana wa shamba la mwingine. Kijana anayeishia kwenye salamu na bei atabaki mpagazi katika utalii unaomilikiwa na wengine.

Fikra ya pili husema kwamba ufadhili wowote ni neema, mradi kijana apande ndege. Fikra hii hujitegemeza kwenye historia, lakini haiisomi vizuri. Wazanzibari walikwenda Moscow kusoma hata kabla ya 1964. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichoanzishwa huko mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, kilimfundisha mgeni Kirusi kwanza, ndipo akaingia katika udaktari, kilimo au uhandisi. Lugha ilikuwa mlango wa taaluma. Wafadhili nao walikuwa na maslahi yao katika vita baridi, na wazee wetu walilijua hilo.

Leo wapo wanaoondoka bila kulijua. Mwezi Januari 2023, Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa jela, kisha akajiunga na kundi la Wagner ili aachiwe huru. Aliuawa Ukraine mwezi Oktoba 2022. Je, baada ya msiba huo, yupo atakayesema kwamba kusoma masharti ni anasa?

Isitoshe, Moscow si njia pekee. Baada ya vita kupamba moto Februari 2022, vyuo kadhaa vya Magharibi viliwahamishia wanafunzi wao wa Kirusi Almaty, Kazakhstan, na Bishkek, Kyrgyzstan, ambako Kirusi kinatumika sana mijini. Anayetaka Kipolandi anaweza kutazama Łódź, ambako Chuo Kikuu kina shule ya kuwafundisha wageni lugha hiyo tangu 1952. Kila njia ina gharama zake; kada na mwanafunzi hawana budi kuzilinganisha.

Warusi wenyewe wametupa somo. Mwaka 1961 ilitoka Moscow kamusi ya Kiswahili na Kirusi chini ya uhariri wa D. A. Olderogge. Waliisoma lugha yetu kwa mpango, kwa wataalamu na kwa vitabu. Sisi tunaisoma yao kwa kubahatisha.

Kwa hiyo kazi zetu ni tatu. Kwanza, mtembeza wageni wa Kidichi apatiwe darasa la jioni la kusoma na kuandika, ili alichokisikia shambani kiwe msingi wa elimu. Pili, mwanafunzi asiondoke kabla ya kuelewa, kwa Kiswahili, nani anamlipia, atasoma nini, na ni kazi gani anaweza kulazimishwa kuifanya. Afikapo, ajiandikishe ubalozini. Tatu, anayerudi apewe wajibu wa kufasiri na kufundisha, kwa kuwa lugha iliyofungiwa sandukuni pamoja na cheti haimfai mkulima wala mfanyakazi.